Hema kwa Mume, Nguzo kwa Mke: Uchambuzi wa Kisa cha Ufuo wa Ziwa Albert

Kisa kinachochambuliwa hapa ni cha mume na mke, wote wakazi wa Masindi nchini Uganda, waliokusudia kutembea kwa miguu kwa siku mbili na usiku mmoja kwenye ufuo wa mashariki wa Ziwa Albert, kuanzia Kibiro katika wilaya ya Hoima hadi Butiaba katika wilaya ya Buliisa, wakiwa wamebeba mgongoni kila walichohitaji. Hakuna aliyekufa wala kuumia vibaya. Hata hivyo, usiku huo kila mmoja alilala mahali pake: mume kwenye kipande cha ufuo kilichozibwa na miamba pande zote mbili, na mke katika boma la watu asiowafahamu juu ya genge. Kulipopambazuka, wavuvi walipoteza muda na petroli wakimtafuta mtu ambaye alikwisha kuondoka pale alipokuwa akitafutwa. Nimezungumza na kila mmoja wao peke yake, na wameniruhusu kukieleza kisa hiki kwa sharti kwamba majina yao yasitajwe.

Maelezo waliyoyatoa wao wenyewe mwanzoni, na ambayo jamaa zao waliyapokea bila maswali, ni kwamba upepo uliwageukia ghafla. Siyakubali maelezo hayo. Upepo ulifanya alasiri ile kile unachofanya alasiri nyingi kwenye ziwa hilo, na mvuvi yeyote wa Kibiro angewaambia hivyo kabla hawajafunga kamba za viatu. Chanzo cha kisa kilikuwa sebuleni Masindi, jioni ya kufungasha, pale walipogawana mizigo kama watu ambao hawataachana hata hatua mia moja, bila kukubaliana kwamba kweli hawataachana.

Mahali penyewe

Wasomaji wengi, wakisikia habari za kutembea ufuoni, hufikiria Lamu au Tanga, na hushangaa kuambiwa kwamba Uganda, nchi isiyo na bahari, ina ufuo wenye miamba wa kumtoa mtu jasho. Ziwa Albert lina urefu wa takriban kilomita 160 na upana wa kama kilomita 30, nalo limelala ndani ya Bonde la Ufa kwenye kimo cha takriban mita 620 juu ya usawa wa bahari. Upande wa Uganda, ukingo wa bonde huinuka zaidi ya mita 300 juu ya maji. Mahali pengine ukingo huo huacha uwanda mpana wa nyasi kati yake na ziwa. Mahali pengine husogea hadi majini kabisa, na mtembeaji akabaki na ukanda mwembamba wa changarawe, au asibaki na chochote. Ng'ambo, hewa ikiwa safi, huonekana milima ya Kongo.

Kutoka Kibiro hadi Butiaba, mtu akipiga mstari ulionyooka juu ya ramani, hapafiki kilomita 20. Nambari hiyo ndiyo iliyowapa wenzetu ujasiri. Mume ni mwalimu wa sekondari anayezoea kutembea, mke ni muuguzi asiyelalamika, na kilomita 20 kwa siku mbili ziliwaonekea kuwa matembezi ya kupumzisha akili. Mstari ulionyooka, hata hivyo, haujui rasi, ghuba wala milango ya mito inayoshuka kutoka nyanda za juu, nao haujui kabisa kwamba maji yamepanda.

Jambo hili la maji kupanda linastahili kuelezwa kwa kirefu kidogo. Kimo cha Ziwa Albert hakitulii. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 maji yalipanda kiasi cha kuiharibu bandari ya Butiaba, ambayo Waingereza waliitumia kuunganisha safari za meli na njia ya Naili, na meli Robert Coryndon, iliyoanza kazi mwaka 1930, ilizama hapo hapo katika miaka hiyo. (Butiaba ina bahati mbaya ya wenzi wasafiri: Januari 1954 mwandishi Mmarekani Ernest Hemingway na mkewe Mary, ambao siku moja kabla walikuwa wameanguka na ndege karibu na Maporomoko ya Murchison, walipanda ndege nyingine hapo, nayo ikawaka moto ikijaribu kuruka.) Mwaka 2020, mwaka ambao Ziwa Victoria nalo lilifikia kimo ambacho hakijawahi kurekodiwa, maji ya Albert yalipanda tena yakazamisha nyumba na kuwahamisha watu wa mialo, yaani vituo vya wavuvi ufuoni, Butiaba ikiwemo. Njia nyingi za chini zilizokuwa zikipitika kwa miguu zimekatwa vipandevipande tangu hapo, na wenyeji wamehamia vijia vya juu, kwenye mabega ya genge. Ramani iliyokuwa katika simu ya mume ilionyesha njia moja isiyokatika, iliyochorwa kando ya maji kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Siku ya kwanza

Walishuka Kibiro asubuhi, wakichelewa kwa sababu mvua ilikuwa imenyesha usiku huko juu Kigorobya na waendesha boda waliogopa utelezi. Kibiro ni kijiji cha chumvi, na wanaakiolojia wameonyesha kwamba chumvi imetengenezwa hapo kwa karibu miaka elfu moja. Wanawake humwaga udongo mkavu juu ya ardhi yenye unyevu wa chumvi, huukwangua ukishanyonya, huuchuja kwa maji, kisha huchemsha maji hayo hadi chumvi ibaki. Bustani hizo za chumvi hurithiwa na wanawake, na mipaka yake hujulikana kwa kila jiwe, ndiyo maana mgeni hapaswi kukatiza katikati yake. Wenzetu walizunguka kwa adabu, wakanunua chumvi, wakaenda kujitambulisha kwa mwenyekiti wa LC, yaani baraza la kijiji. Katika hili walifanya vyema kuliko watembeaji wengi ninaowafahamu. Kiswahili kiliwasaidia, kwa kuwa mialo ya ziwa hili ina Wanyoro, Wagungu, Waaluru na Wakongo, na mara nyingi lugha wanayokutania ni hiyo.

Mwenyekiti aliwaambia mambo mawili. La kwanza, kwamba njia ya chini imekatwa mbele, na watu hupanda kabla ya kuifikia rasi. La pili, kwamba wakikwama wampigie, akawapa nambari. Mke aliiandika nambari hiyo katika daftari lake na pia katika simu. Mume alishukuru, akatazama ramani yake, na kwa maneno yake mwenyewe aliyonieleza, alidhani mzee anawaonea huruma kama watu wa mjini.

Waliifikia rasi kama saa tisa alasiri. Maji yalikuwa yanagusa mwamba. Hapakuwa na njia ya miguu, ila yalionekana mawe chini ya maji, na upande wa pili, kwa kuinama, mtu aliweza kuona ncha ya ufuo wa changarawe. Mume akasema, "Mama, ngoja nitazame upande ule." Akavua viatu, akaingia majini na shanta lake mgongoni, akazunguka rasi maji yakimfika kiunoni. Alipofika kwenye ufuo ule mdogo hakurudi mara moja, kwa sababu mbele yake aliona rasi ya pili, naye akaenda kuichunguza hiyo pia ili arudi na jibu kamili. Hapo ndipo alipokawia. Aliporudi kwenye rasi ya kwanza, mawimbi yalikuwa yakipasukia mwambani na mawe aliyokanyaga hayakuonekana tena. Alipiga kelele, akapiga mluzi. Mke hakusikia chochote.

Mke alingoja upande ule alioachwa, kivulini kwanza, kisha juani. Simu yake ilishika mtandao wa Kongo, na salio lake halikuweza kupiga. Kwenye saa kumi na moja na nusu, akiona jua linashuka na mawimbi hayapungui, alirarua ukurasa wa daftari, akaandika saa na mahali anapokwenda, akauweka chini ya jiwe kavu, akafunga kitenge chake chekundu juu ya kichaka kilichokuwa kando. Akarudi nyuma hadi kwenye kijia walichokuwa wamekipita mchana, ambacho wanawake hupandisha chumvi na samaki, akakipanda. Katikati alikutana na mama mmoja mwenye beseni tupu, ambaye alimwambia, "Binti yangu, huko chini hapapitiki tangu maji yapande," akamwongoza hadi nyumbani kwake. Huko juu simu ilipata mtandao wa Uganda, na mwenyekiti akapigiwa kabla ya giza.

Mwenyekiti hakutuma mtumbwi usiku ule, na alikuwa na haki. Ziwa Albert limeua watu wengi ndani ya mitumbwi iliyotoka wakati usiofaa: Machi 2014 mtumbwi uliojaa wakimbizi wa Kongo waliokuwa wakirejea kwao ulipinduka na kuua zaidi ya mia moja, na Desemba 2016 ukapinduka mwingine uliobeba wachezaji wa mpira wa Buliisa na mashabiki wao. Mtu aliyekaa ufuoni, hata akiwa na baridi na njaa, yuko salama kuliko watu watano walio majini gizani wakimfuata.

Mgawanyo wa mizigo

Sasa nije kwenye mashanta. Nilimwomba kila mmoja anitajie kilichokuwamo ndani ya lake, kitu kimoja kimoja, na orodha hizo mbili zikiwekwa pamoja zinaeleza usiku ule kuliko upepo.

Mume alikuwa na kitambaa cha hema, jiko dogo la gesi, kichujio cha maji, tochi ya kichwa iliyokuwa moja tu, simu yenye ramani, na fedha zote. Mke alikuwa na nguzo za hema na vigingi vyake, sufuria, chakula chote, jerikani ya lita tano, sanduku la dawa na daftari. Wakati wa kufungasha walitumia mizani ya duka la jirani, wakagawa hadi uzito ukalingana, na mume alijivunia jambo hilo hata alipokuwa akinisimulia. Kwa uzito, mgawanyo ulikuwa wa haki kabisa. Kwa matumizi, ulimfanya kila mmoja awe na nusu ya kitu, na nusu ya hema haimsitiri mtu.

Hivyo mume, aliyekwaruzwa mguu na mwamba, alilala bila dawa, bila chakula, amejifunika kitambaa cha hema kisichoweza kusimama, akiwa na kichujio na ziwa zima la maji mbele yake. Mke alikuwa na unga na sukari, hana moto. Alipanda genge machweo yakikaribia, hana tochi, na katika maeneo hayo giza huingia upesi jua likishazama. Alifika kwa watu asiwe na shilingi hata ya kulipia boda ya kumpeleka Kigorobya, na kama si ukarimu wa mwenye boma angelala barazani.

Watembeaji wazoefu hugawana mizigo mizito, na si kosa kugawana. Wawili kubeba hema mbili na majiko mawili kwa safari ya usiku mmoja ni upuuzi. Kuna hata hivyo tabaka la vitu vyepesi ambalo halipaswi kugawanywa kamwe: tochi, kiberiti, chakula cha mlo mmoja, maji au vidonge vya klorini, bandeji, turubai jepesi au mfuko mkubwa wa plastiki wa kujifunika, nambari za simu zilizoandikwa kwenye karatasi, na noti chache. Kila mtu abebe vyake, na viwe mwilini au katika mfuko mdogo wa kiunoni, ili hata shanta likiachwa visiachwe. Vyote pamoja havizidi kilo mbili. Na kitu kizito kikigawanywa, afadhali kibebwe kizima na mmoja. Hema lote kwa mume, jiko, gesi na sufuria kwa mke: hapo angalau mmoja angelala kavu na mwingine angekunywa uji.

Dakika ya kuachana

Sehemu hii ndiyo iliyonishughulisha zaidi, kwa sababu masimulizi ya wawili hao hayalingani, na naamini wote wawili wanasema kweli. Mume anasema alitarajia, akikuta njia, ampungie mkono mkewe naye amfuate. Ndiyo maana alibeba shanta badala ya kuliacha. Mke anasema alimwona akiingia majini na shanta akadhani anaogopa kuibiwa, na kwamba kwake yeye ilikuwa wazi kabisa kuwa mume atarudi kwanza, wajadiliane. Kwa maneno mengine, walipoachana kila mmoja alikuwa katika mpango tofauti. Mmoja alikuwa akivuka, mwingine alikuwa akingoja taarifa.

Shanta lile lilikuwa ishara ambayo mke angeweza kuiuliza na mume angeweza kuieleza. Mtu anayekwenda kutazama huacha mzigo. Mtu aliyebeba mzigo amekwisha kuondoka. Laiti lingeachwa upande wa mke, mume angelazimika kurudi kulichukua kabla ya kuichunguza rasi ya pili, na mke angekuwa na hema zima.

Hapakutajwa saa ya kurudi. Hapakutajwa ishara yoyote, na mluzi ambao mume aliutegemea hausikiki katika kelele za mawimbi yanayopiga mwamba. Wala hapakutajwa afanyeje anayebaki endapo anayekwenda hatarudi. Maneno hayo matatu yangewachukua muda mfupi kuliko uliotumika kuvua viatu.

Kuhusu upepo, mambo ni ya kawaida. Mchana nchi kavu hupata joto haraka kuliko maji, hewa juu yake hupanda, na hewa ya ziwani huvuma kuja kuijaza nafasi. Ukuta wa genge lililoungua jua huongeza mvuto huo. Upepo ukitoka kusini-magharibi, huwa na masafa marefu ya maji wazi ya kuinulia mawimbi kabla hayajafika ufuo huu. Asubuhi na mapema ziwa huwa limetulia zaidi. Rasi ile ile ambayo saa tisa alasiri ilikuwa ikifungwa, saa kumi na mbili asubuhi iliyofuata mume aliivuka kwa utulivu, maji yakimfika mapajani. Kama walitaka kuipita rasi kwa majini, ilibidi walale kabla yake, si baada yake.

Na hata asubuhi, nisingependekeza. Ziwa hili lina mamba na viboko, na mtu anayesogea polepole katika maji ya kiunoni akipapasa mawe ni windo jepesi. Lina pia kichocho cha tumbo, ambacho kimeenea sana katika mialo yake, Butiaba ikiwa miongoni mwa mahali palipochunguzwa sana kwa ugonjwa huo. Mume aliingia majini mara mbili kwa muda mrefu, ana kidonda mguuni, na aliporudi Masindi alitaka kumeza prazikwanteli siku ile ile. Mke, kwa ujuzi wake wa uuguzi, alimzuia: dawa hiyo huua minyoo iliyokomaa, haifai sana kwa ile iliyoingia juzi, na vipimo huwa na maana baada ya wiki sita hadi nane. Alipimwa kwa wakati huo, akakutwa nacho, akatibiwa.

Asubuhi, na deni la petroli

Mume alipovuka alikiona kitenge, akaisoma karatasi, akapanda. Wakati huo huo wavuvi waliokuwa wanarudi kutoka kuvua muziri, samaki wadogo kama dagaa, kwa taa waliombwa na mwenyekiti wapitie ule ufuo mdogo. Wakakuta majivu ya vijiti vilivyokataa kuwaka vizuri na alama za miguu zinazoelekea majini. Mtu akiziona alama kama hizo hufikiria jambo moja tu. Walizunguka rasi zote mbili, wakatafuta kwa zaidi ya saa mbili, hadi simu ilipopigwa kutoka juu. Kipande cha kitambaa juu ya jiwe na mshale wa changarawe vingewaambia kwamba ameondoka akiwa mzima. Mke aliacha alama; mume hakuacha. Walilipa petroli na kuongeza kitu cha shukrani, na naona hilo lilikuwa la lazima, maana watu hao walikuwa wamekesha kazini.

Linabaki suala moja ambalo wawili hao hawajaafikiana. Mume anashikilia kwamba mke angebaki pale pale, kwa kuwa kanuni inayojulikana ya watu waliopoteana ni kwamba mmoja asisogee. Mke anasema aliondoka akiwa ameacha maandishi, kabla ya giza, kwa njia aliyoijua, kuelekea kwa watu na mtandao wa simu. Mimi nakubaliana na mke. Kanuni ya kutosogea imewekwa kwa ajili ya mtu asiyejua aliko. Yeye alijua aliko, alijua mumewe aliko, na alijua kwamba ukanda ule wa nyasi kando ya maji, usiku, ni njia ya viboko wanaotoka kwenda malishoni. Kubaki kungeongeza mtu wa pili wa kutafutwa. Mume amenisikiliza, akasema kwamba angalau angemngojea hadi jua lizame kabisa. Mke akamjibu kwamba tochi alikuwa nayo yeye.